Lutuku kwa Vikombe vya Chai

Wanangu, kabla hamjaambiwa na mtu mwingine, wacha niseme mwenyewe: mimi niliyemaliza miaka yangu ya kazi nikishughulika na pombe, sijawahi kuonja hata tone lake. Nimezaliwa Kasongo, katika nyumba ya Waislamu. Baba aliuza vitambaa, na mama alipika chai ambayo majirani walikuja kuinywa kwa visingizio vya kila aina: huyu anaazima sindano, yule anaulizia mbuzi wake. Pombe niliijua kwa harufu tu, nikipita njiani na kukaza mwendo.

Kazi yangu ilikuwa kuzunguka vijiji kwa niaba ya zone ya afya. Nilizungumza na watu juu ya chanjo, vyandarua, vyoo na kuchemsha maji. Kwa vyoo nilikuwa hodari, msinione hivi. Kuna watu mpaka leo wakiniona sokoni wananiita Papa Choo, na mimi naitika.

Sasa siku moja Docta, mganga mkuu wa zone yetu, aliniita ofisini. Mezani kulikuwa na barua kutoka Kinshasa. Serikali ilitaka kuandika sera ya taifa ya kupunguza madhara ya pombe, na kila mkoa ulitakiwa kwenda kuuliza watu wake wanaonaje, kisha kupeleka majibu.

"Papa Shabani, nimekuchagua weye," akasema.

"Docta, mimi sikunywaka."

"Ile njo sababu. Wale wengine nikiwatuma, hawatarudi."

Basi nikapewa pikipiki, begi, na fungu la karatasi za maswali. Ninyi mnaoifanya kazi hii leo mnaingia kijijini na simu, mnagusa-gusa kioo na jibu linaruka mpaka Kindu, makao makuu ya mkoa. Sisi tulibeba karatasi ndani ya mfuko wa plastiki, mfuko ndani ya mfuko, na bado tukivuka mto tuliziinua juu ya kichwa kama mama anavyomwinua mtoto mchanga. Nakumbuka nilianguka mtoni nikalowa mpaka masikio, na watu waliosimama ng'ambo hawakuniuliza kama nimeumia. Waliuliza kama karatasi ziko kavu. Zilikuwa kavu, na nilijivuna kwa hilo juma zima.

Maswali yenyewe yaliandikwa na watu wenye elimu, siwezi kuwadharau, lakini walikuwa wamekaa mbali. Swali la kwanza kabisa lilisema: kwa juma moja, unakunywa chupa ngapi za bia? Nikalipeleka Lusangi, kwa wachimbaji wa dhahabu. Bia ikifika Lusangi huwa imesafiri nyuma ya pikipiki siku nyingi, na chupa moja ni jambo la harusi. Watu wanakunywa lutuku, ile pombe kali ya mahindi na muhogo ambayo akina mama wanaipika katika pipa na kuidondosha kwa mrija. Nikamuuliza kijana mmoja aliyekuwa amejaa matope mpaka kwenye nyusi: chupa ngapi za bia kwa juma?

Akanitazama, akalitazama begi langu. "Papa, weye umeleta ngapi?"

Kabla sijajibu, wenzake walikwisha kupanga mstari. Ilibidi nilifungue begi mbele yao na kutoa kila kilichomo: karatasi, kalamu, shati, na biskuti ambazo sikuziona tena. Hapo nilijifunza jambo la kwanza katika kazi ile. Ukitaka kujua kitu cha watu, uliza kwa kipimo chao wenyewe.

Jambo la pili nilifunzwa na Papa Mulamba. Alikuwa muuguzi mkuu wa kituo cha afya cha Wamaza, huko Kabambare, mtu mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alikuwa na daftari lake la vidonda. Kila aliyeletwa amejikata kwa panga, ameanguka, au amepigwa na mke kwa mwiko, Papa Mulamba aliandika jeraha, na pembeni akaandika saa. Katika safari moja ya chanjo nilimuuliza saa ya nini. Akasema, "Kidonda kinaniambia nini ilimupata. Saa inaniambia ju ya nini." Sikumwelewa. Niliandika maneno yake kwa heshima, nikayasahau.

Sasa tuje kwenye aibu yangu, maana najua ndiyo mnayoingoja.

Mara ya kwanza nilipokwenda Wamaza kuuliza watu juu ya pombe, Papa Mulamba alikuwa safarini na sanduku la chanjo. Chefu wa kijiji aliniitia mkutano alasiri, watu walipokuwa wametoka mashambani. Kule kila mtu anakuja mkutanoni na kiti chake, na mkutano haufunguki mpaka kitu cha kulowesha koo kiwekwe chini katikati. Nilikuwa nimeambiwa hilo. Nilijua pia kwamba kitu chenyewe kitakuwa lutuku, na nilijiambia: Shabani, umekuja kuwasikiliza, usianze kwa kuwakemea.

Mama Feza akaleta lutuku. Alikuwa mjane, mrefu, mwenye sauti ya chini, na pipa lake lilisifiwa mpaka ng'ambo ya Mto Luama. Akaweka chini chupa moja, na kando yake kiglasi kimoja kidogo kama kifuniko cha dawa ya kikohozi. Kiglasi kimoja! Na watu pale walikuwa wamejaa baraza nzima.

Wanangu, niliona haya. Mimi ni mtoto wa nyumba ya chai. Kwetu Kasongo, ukimkaribisha mtu, unampa kikombe chake mwenyewe, na unakijaza. Kumpitishia mgeni kikombe alichonywea mwingine, tena kitupu nusu, ni kumwambia aende zake. Nikaona hawa watu ni maskini wa vyombo na wananificha. Nikasema moyoni, leo serikali itawatendea vizuri. Katika karatasi zangu palikuwa na kifungu cha fedha za viburudisho vya mkutano. Nikatuma watu kwenye nyumba ya muuguzi, kanisani, kwa mwalimu, wakakusanya vikombe vya chai vyote vya Wamaza, vya bati na vya udongo. Nikamwambia Mama Feza amimine.

Akanitazama. "Papa, zote?"

"Zote, mama."

"Mupaka wapi?"

"Mupaka juu."

Akasimama na chupa mkononi kwa muda, kama mtu anayengoja nicheke. Sikucheka. Basi akaenda kuleta chupa nyingine, na nyingine, akajaza. Chefu alipopokea kikombe chake alikishika kwa mikono miwili na kunitakia maisha marefu.

Nikafungua mkutano. Swali la kwanza, wakapiga makofi. Swali la pili, wakapiga makofi na kusimama. Nilipoeleza madhara ya pombe kwa ini, mzee mmoja wa mbele alilia machozi, nami nikaona nimemgusa. Wanangu, nilijiona msemaji! Nilianza kuinua mkono nikizungumza. Nilitumia maneno ambayo sikujua kama ninayo. Nilipofika kwenye swali kubwa, kama wanakubali utengenezaji wa pombe majumbani ukomeshwe na vyombo viharibiwe, mikono ilipanda kabla sijamaliza kusoma. Wengine waliinua miwili. Waliokuwa wanapika pombe hiyo waliinua. Waliokuwa na kikombe mkononi waliinua kikombe.

Mkono mmoja haukupanda. Mama Feza alisimama nyuma, amefunga mikono juu ya kifua, ananitazama mimi moja kwa moja. Nilimwona. Hilo nataka mlisikie vizuri: nilimwona. Kisha nikainama nikaandika katika PV, ile ripoti ya mkutano ambayo wote wanatia sahihi, maneno haya: wamekubali kwa kauli moja.

Sahihi zenyewe zilikuwa za ajabu. Mmoja alitia sahihi yake juu ya sahihi ya jirani, mmoja alichora samaki. Nikadhani ni ugeni wa kalamu. Niliporudi Kasongo nilimwambia mke wangu kwamba ningejua mapema nina kipaji kile, ningeingia siasa. Akaniambia nivue viatu, nimeleta matope ndani.

PV ya Wamaza ikapendwa sana. Docta aliipeleka Kindu, Kindu wakaisoma kwa sauti katika semina, kisha ikaenda Kinshasa. Miezi ikapita. Rasimu ya sera ikarudi mikoani ili tuikague kabla ya kufungwa, na ndani yake kulikuwa na mstari unaosema kwamba, kwa ombi la jamii zenyewe, vyombo vya kupikia pombe majumbani vikusanywe na kuharibiwa. Niliusoma mstari ule nikiwa nimesimama, nikauonyesha kwa wenzangu. Niliona ni wangu.

Katika miezi ile ile nilikuwa naendelea kuuliza watu mjini Kasongo. Kwa wenzangu Waislamu kazi ilikuwa nyepesi, kila nyumba iliniambia hapa hakuna pombe, nami naandika hakuna. Shemeji yangu Salumu, mwenye duka la sukari, aliniambia hivyo hivyo na kuniombea baraka. Nyuma yake vijana walikuwa wanapakia magunia ya sukari na makopo ya chachu kwenye pikipiki za kwenda Kabambare.

"Chachu yote ile ya nini, shemeji?"

"Mandazi," akasema. "Kule wanapenda mandazi sana."

Nimefika Kabambare mara nyingi na njaa yangu, na hayo mandazi sijayaona. Nilipomwambia hivyo, Salumu alicheka mpaka akashika mizani, kisha akaniongeza sukari kidogo ili ninyamaze. Tangu siku hiyo niliacha kuandika hakuna. Niliandika: hawanywi, lakini wamo.

Basi, siku moja Papa Mulamba akaja Kasongo kuchukua dawa. Akapita nyumbani kunisalimu, mke wangu akaleta chai, kila mtu kikombe chake, kimejaa. Papa Mulamba akakitazama kikombe muda mrefu.

"Papa Shabani, ile siku ya mukutano, uliwapa lutuku mu vikombe kama hivi?"

"Kama hivi."

"Mupaka wapi?"

"Mupaka juu."

Akaweka chai chini. Alicheka mpaka miwani ikaanguka, akalala ubavu kwenye mkeka, mke wangu akadhani ameshikwa na tumbo. Akanieleza kwamba kiglasi kile kimoja ndicho kipimo chenyewe, kinazunguka polepole, kila mtu anagusa midomo na kumpa mwenzake. Kikombe cha chai cha lutuku, alisema, si kinywaji, ni ajali. Watu wa Wamaza mpaka leo wanaita siku ile Siku ya Serikali. Wengine hawakufika nyumbani mpaka kesho yake, na mzee aliyelia alikuwa analilia ng'ombe aliyekufa utotoni mwake.

Nikacheka na mimi. Mtu akikufa kwa aibu na kuna chai mezani, afadhali acheke. Lakini Papa Mulamba alipookota miwani yake uso ulikuwa umebadilika.

"Sasa sikia. Kuna watu wa ofisi moja wanasema hawangoji Kinshasa. Wanasema wataanzia Wamaza kupasua mapipa, ju Wamaza njo waliomba. Na Mama Feza amenituma. Anasema: ulituuliza saa ya kunywa, rudia utuulize asubui. Anasema tena, uliona mukono yake haikupanda."

Sikuimaliza chai ile. Mama Feza alikuwa analea watoto wa mwanawe Kalonda, na wote walikuwa shuleni kwa sababu ya pipa lile. Mimi nililihukumu kwa maneno mawili, kauli moja, na nilijua nilipokuwa nayaandika kwamba si kweli. Nimewahi kukosea mambo mengi kazini. Nimewahi kupeleka vyandarua kijiji kisicho chenyewe, nimewahi kumfundisha Bwana Afya kunawa mikono. Hayo yanasimuliwa na yanaisha. Lile la Wamaza lilikaa na mimi hata nikiswali.

Semina ya mwisho ya Kindu ilikuwa karibu. Nilimwomba Docta pikipiki. Aliniuliza kuna nini, nikamweleza yote, na vikombe. Akageukia dirishani, mabega yanatetemeka, sikujua anacheka au analia. Kisha akasema niende, na nisirudi na kauli moja.

Nilifika Wamaza nikiwa rangi ya barabara. Mkutano uliitwa jua lilipochomoza tu, kama Mama Feza alivyotaka. Na hapa mnisikilize, maana hii ndiyo siku niliyosoma kazi yangu. Akina mama walikuja wamebeba viti viwili viwili, chao na cha mwanamume wa nyumba yao. Mama Feza alikuwa amewaomba hivyo. Wakavipanga barazani, wakakaa. Nikangoja wanaume waje. Walikuja wengine, wakakaa. Vile viti vingine vikabaki hivyo hivyo, vitupu, na jua likapanda. Nilikuwa na fungu zima la maswali mkononi na sikuwa na haja ya kusoma hata moja.

Papa Mulamba akafungua daftari lake la vidonda. Akaanza kusoma saa tu, bila majina. Asubuhi. Asubuhi. Asubuhi. Mchana kidogo. Asubuhi. Hapo nikakumbuka alivyoniambia juu ya saa: vidonda vya Wamaza vilianza asubuhi kwa sababu pombe ilianza asubuhi.

Mama Feza akasimama. Akaweka mkono juu ya kiti kilichokuwa kando yake.

"Hii ni kiti ya mutoto yangu, Kalonda. Iko hai, hajakufa. Iko kwa jirani, anakunywa. Mimi asubui simupatiake lutuku, nilimukatalia, hata akilia. Nikimukatalia anavuka njia tu." Akanigeukia. "Papa, mukipasua pipa yangu, watoto yake wanatoka masomo, na yeye anavuka njia tu. Mukiniacha vile niko, anavuka njia tu. Mimi peke yangu siwezi kufunga njia."

Jirani mwenyewe, mama mmoja mnene anayependa utani, alikuwapo, pipa ameliachia watu wa nyumbani kwake, lakini siku ile hakutania. Akasimama. "Na mimi nikimukatalia, si anarudia kwako?"

"Anarudia kwangu."

"Basi tumukatalie sote."

"Sote," akasema Mama Feza. "Siku moja, saa moja. Njo maana naomba karatasi. Karatasi inavukaka njia mbele yake."

Wanangu, nimekaa katika semina nyingi kusikiliza watu wakieleza maana ya sera. Hakuna aliyeieleza kama mama yule aliyesimama na mkono juu ya kiti kitupu. Wakabishana asubuhi nzima, na ninawahakikishia hapakuwa na makofi. Waliokuwa na pipa walitaka saa za kuuza zianze mapema, wake wa wanywaji walitaka zisianze kabisa. Chefu alisema neno akakatizwa, na furaha yake haikufikia ile ya mara ya kwanza. Mwisho wakapatana: hakuna wa kuuza mpaka jua lipite juu ya paa la kanisa, wakati ambao aliyelima amekwisha kulima. Na hakuna wa kumwuzia mtoto aliyetumwa na chupa, hata akisema ni ya babu. Watu wawili walikataa mpaka mwisho. Niliandika katika PV kwamba watu wawili wamekataa, na nikaandika sababu zao. Kila mtu alitia sahihi mahali pake, samaki hakuwapo.

Semina ya Kindu ilikuwa imejaa watu wa tai. Nilipopewa nafasi, nilisimama nikasema, mabwana na mabibi, PV ya kwanza ya Wamaza ni ya uongo na mwongo ni mimi. Mheshimiwa mmoja aliyetoka Kinshasa akaniuliza kwa upole, "Papa, ulikuwa umekunywa?"

"Hapana, mheshimiwa. Ningekuwa nakunywa, ningejua kipimo."

Walicheka, na waliponyamaza nikawasomea PV ya pili, viti vitupu na vyote. Mheshimiwa yule alikuwa mwanasheria, mtu makini. Alisema sera ya taifa haiwezi kupima saa kwa paa la kanisa la Wamaza. Nikamjibu kwamba yeye aandike saa zitapangwa na wenyeji, na jua tutaliangalia sisi. Docta akasimama kuniunga mkono, kisha daktari mwingine wa upande wa Kibombo, kisha mama mmoja niliyekuwa simjui. Ilichukua siku mbili na ugomvi mmoja. Mstari wa kupasua mapipa ukatolewa. Mahali pake ukaingia huu, naujua kwa moyo: jamii zenyewe zipange saa za kuuza pombe ya kienyeji, na wauzaji wote wa mahali pamoja wafuate saa hizo hizo.

Ni mstari mmoja katika kitabu kinene. Sijui kama mtausoma mkiwa na haraka. Mimi nilistaafu muda mfupi baadaye, wakanipa cheti na fulana isiyonitosha, nikarudi kunywa chai yangu.

Lakini nilikuwa sijaupeleka mstari kwa mwenyewe. Kwa hiyo mwaka huu, kiangazi kilipokausha barabara, nilitoa nakala ya ukurasa ule, nikaitia katika mfuko ndani ya mfuko kama zamani, nikapanda pikipiki kama abiria. Tulifika Wamaza asubuhi. Dereva wangu, kijana wa Kabambare, aliteremka akijinyoosha, akaenda moja kwa moja kwa Mama Feza kuomba kiglasi cha kutoa vumbi kooni.

Mama Feza hakusimama. Alitazama juu ya paa la kanisa, akamtazama yeye. "Jua bado."

"Mama, mimi mugeni."

"Jua bado kwa wageni pia."

Kijana akavuka njia kwenda kwa jirani. Akarudi mikono mitupu, amekasirika, anauliza kama hiki ni kijiji au seminari. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Kinshasa bado wanangoja sahihi ya mwisho juu ya kitabu chao, na Wamaza hawakuwa wamengoja mtu.

Mama Feza aliniletea chai katika kikombe cha bati, amekijaza mpaka ukingoni, na alikiweka chini bila kumwaga. "Hii ni chai," akasema. "Nimeionja mwenyewe." Nikatoa ukurasa. Hasomi, kwa hiyo aliniomba niweke kidole chake juu ya mstari, nami nikamsomea polepole, neno na kidole, neno na kidole. Nilipomaliza aliuliza jina la Wamaza liko wapi. Nikamwambia halipo. Limeandikwa jamii zenyewe, basi.

Akafikiri. "Kumbe tuko wengi," akasema, akaikunja karatasi na kuifunga kwenye pindo la kitenge.

Nilikuwa na swali lililonileta kuliko ukurasa, na nililizungusha mdomoni pamoja na chai. Ukutani mwa nyumba niliona viti viwili vimeegemezwa. Mwishowe nikauliza tu. "Na Kalonda?"

"Iko shamba."

Nilifurahi kupita kiasi, nikaanza kumshukuru Mungu kwa sauti. Akanizuia kwa kiganja.

"Leo iko shamba, Papa. Juzi hakuenda. Kesho sijui." Akalitazama tena jua, lilikuwa bado halijafika kwenye paa. "Lakini kesho asubui atakuta kwangu nimefunga. Na akivuka njia, kule pia wamefunga."